Beti za Mpinzani

Hakuna kina cha bei rahisi katika Kiswahili kama -ni. Amani, shuleni, nyumbani, shambani, nchini, duniani: maneno yanajipanga yenyewe kama wanafunzi waliosikia kengele. Mwalimu aliyeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu kuna mgeni rasmi anaweza kuwa na wimbo wa amani wa beti nne kabla chai haijapoa. Utaimbwa, utapigiwa makofi, mgeni atautaja katika hotuba yake, na jioni hakuna mtoto atakayeuendeleza akiwa njiani kwenda kuchota maji.

Mtunzi anayeijua kazi yake huanza kwa kuifukuza -ni mwishoni mwa mshororo. Akishaifukuza, amejitia matatani kwa makusudi. Sasa lazima mshororo uishie kwenye jina la kitu au kwenye kitenzi: shika, lipa, fyeka, shiba. Mara tu anapolazimika kutaja kitu na kitendo, wimbo unaacha kuisifu amani kwa mbali na unaanza kuuliza nani amekula mtama wa nani. Nimesikiliza nyimbo nyingi za watoto wa shule, nzuri na mbovu, na hiki ndicho kipimo changu cha kwanza. Nasikiliza miisho ya mishororo.

Chukua mfano wa Kimali, kata ya Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, upande wa kusini ukitokea Bariadi. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama, na ng'ombe wengi kuliko kivuli. Mvua za huku si za kutegemea, na malambo yakianza kupungua maji kila mtu anajua nini kinafuata. Anayesema Tanzania ni kisiwa cha amani hasemi uongo, ila mtoto wa Kimali anajua pia habari ambazo kauli hiyo haizifikii. Anajua ng'ombe walioingia shambani usiku. Anajua mapito ya mifugo yaliyolimwa hadi yakabaki upana wa mkokoteni. Anajua bibi aliyeogopwa kwa sababu macho yake ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko alilopulizia miaka hamsini. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na miaka ile ya kuanzia 2007 watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa waliwindwa kama wanyama. Wimbo wa amani unaoimbwa mahali kama hapa bila kugusa hata kimojawapo cha haya ni wimbo wa kumpitishia mgeni muda.

Bahati nzuri ni kwamba watoto hawa hawaanzi na mikono mitupu. Wamezaliwa katika mojawapo ya maeneo yenye ushindani mkali zaidi wa ngoma Afrika Mashariki. Wasukuma wamegawanyika kwa muda mrefu katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyosimuliwa kuwa vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, pande hizi hupambana. Utaratibu wa pambano ndio unaonifurahisha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na hakimu ni watazamaji. Kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Hakuna anayekuja kukuambia umeshindwa; unaona tu migongo ya watu ikielekea kwa mwenzako. Ndiyo maana manju wa Kisukuma hubuni vituko vipya kila msimu. Wengine hucheza na nyoka. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe juu, yakazunguka, wakayadaka bila kupoteza mdundo. Na wamo wanaoketi tu, katika wigaashe, wakaimba wakiyumba pamoja, wakitegemea sauti na maneno matupu kuwashika watu wasiondoke.

Dawa za kuvuta watu pia zilitumika, na pengine zinatumika bado. Sitaki kuupamba mchezo huu; ugomvi wa kweli umewahi kuzuka pembeni mwake. Lakini tazama umbo lake. Wapinzani wawili wanapewa uwanja sawa na muda sawa, wanatukanana kwa ufundi, na matokeo yanaamuliwa kwa miguu ya watu. Aliyeshindwa anarudi nyumbani kufanya mazoezi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza miaka ya 1950, aliliona jambo hili mapema, na sikukuu ya Bulabo ikawa mahali ambapo Bagika na Bagalu wanapambana mbele ya kanisa badala ya kufukuzwa kama wapagani.

Shule ilipokuja na kwaya yake na mistari yake iliyonyooka, ingeweza kuuzika urithi huu. Kwa sehemu iliuzika. Lakini kuna chombo kimoja cha darasani ambacho, kwa maoni yangu, kiliuokoa bila kukusudia, nacho ni ngonjera.

Ngonjera kama tunavyoijua shuleni ni kazi ya Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza, na Mnyampala akaja na njia yake. Akaligawa shairi baina ya watu wawili au zaidi wanaopingana. Mmoja anashika upande usiofaa, mwingine anamjibu, beti kwa beti, mpaka wakubaliane. Mnyampala alifariki mwaka 1969, kabla vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA havijatoka mwaka 1970 na 1971. Hakuona jinsi utanzu wake ulivyogeuka mali ya watoto. Sasa ni vigumu kuipata shule ya msingi Tanzania, mjini au porini, ambayo watoto wake hawajawahi kusimama wawili wawili na kujibizana kwa vina, mkono ukirushwa mbele kwenye kila nusu mshororo.

Ngonjera nyingi za shule, tuseme kweli, ni mbaya, na ubaya wake una chanzo kimoja: mtunzi amempa mpinzani beti za kijinga. Mvuta bangi anasifu bangi kwa sababu za kipuuzi, mwenzake anamkemea, beti ya tano ametubu. Hakuna aliyeshawishika, hata yule mtoto mwenye kuigiza. Ngonjera ya amani inayofaa inadai kinyume chake. Anayekosea lazima awe na hoja ambayo mzee aliyeketi chini ya mwembe, mwenye kosa hilohilo, ataitambua kuwa ndiyo yake na kuitikia kwa kichwa.

Ili nieleweke, nimetunga beti mbili kwa mtindo ambao walimu wa huku huutumia. Mkulima anaanza:

Ng'ombe wako wameshiba, mtama wangu wa mwaka,
Ghalani sina kibaba, watoto wanateseka,
Huu kwangu ni msiba, uvumilivu watoka,
Lipa magunia saba, au twende kushitaka.

Mfugaji anajibu:

Kisima kimekauka, malambo yote matope,
Mapito umeyateka, pamba yako ni nyeupe,
Kosa langu nalishika, gunia nne nikupe,
Nawe njia ukiweka, salio nije nilipe.

Mizani ni kumi na sita kwa mshororo, nane kila upande, na vina vinashika kati na mwisho. Huo ni ufundi wa kawaida na mtoto wa darasa la sita anaweza kuuhakiki kwa vidole. Ufundi mgumu uko ndani. Mfugaji hakukana kosa, wala hakulibeba lote. Alichofanya ni kumwonyesha mwenzake kitu ambacho mkulima hakukitaja: pamba imekuwa nyeupe juu ya njia ya ng'ombe. Hoja mbili za haki zimewekwa zikitazamana, na katikati yake kuna hesabu ya magunia. Mwezi wa sita, pamba ikiwa imepasuka na mtama umekomaa na maji yanapungua, kesi kama hii iko mezani kwa mtendaji wa kijiji chochote cha Meatu.

Kisha yanakuja mazoezi, na hapa ndipo ninapoweza kukaa siku nzima nikitazama.

Mwalimu mzuri hagawi karatasi. Mara nyingi karatasi zenyewe hazipo, lakini hata zingekuwepo asingezigawa. Anatamka mshororo, watoto wanaurudia bila wimbo wowote, wakipiga makofi kwenye kila silabi. Sababu yake ni ya kisauti. Kisukuma ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana; Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na basi. Ukichukua mahadhi ya Kisukuma, matamu, yanayojulikana na kila bibi kijijini, ukayalisha maneno ya Kiswahili, mdundo mzito unaangukia pasipo pake. Neno jirani linatoka kana kwamba mkazo uko mwishoni, na msikilizaji anakunja uso bila kujua kwa nini. Makofi yanalifichua kosa mara moja. Dawa yake ni ndogo mno: unatanguliza silabi moja mbele, we jirani, au unairefusha ile inayodai mkazo mpaka mdundo uifikie. Nimeona mwalimu akihangaika na nusu mshororo kwa muda ambao wengine wangefundisha wimbo mzima, na watoto hawakuchoka, kwa kuwa nao walikuwa wanalisikia kosa na kulisikia likiondoka.

Kosa la pili ni la kuanza juu. Kiongozi wa kwaya, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, anaona umati, anasisimka, anatoa sauti ya kwanza juu kuliko alivyofanya jana. Wenzake hawana la kufanya ila kumfuata. Kufika beti ya tatu wavulana wameshuka chini kabisa, wasichana wanapiga kelele, mishipa ya shingo imesimama. Wanaojua hufanya hivi: kabla ya kuanza, kiongozi anaitafuta moyoni sauti ya juu kabisa ya kiitikio, ile itakayokuja baadaye, anaiguna kwa ndani, kisha anashuka kutoka pale hadi sauti ya kuanzia. Ukimwona mtoto amesimama mbele ya watu mia tatu akiguna peke yake kwa sekunde mbili, midomo imefungwa, ujue amefundishwa.

Halafu kuna mpiga dumu. Ngoma ya ngozi ni ghali na si kila shule inayo, basi linapinduliwa dumu la mafuta la lita ishirini, na kayamba zinatengenezwa kwa vizibo vya soda vilivyobondwa na kupenyezwa kwenye waya. Kila mvulana anataka dumu. Anayelipata ni yule anayeweza kunyamaza. Kazi yake kubwa katika ngonjera ni kujua lini aache, ili mshororo wa mwisho wa kila beti utue kwenye ukimya na watu wausikie wote. Mtoto asiyejizuia huuzika mshororo wa magunia chini ya kelele, na mshororo huo ndio uliobeba kesi.

Lakini kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya kukariri. Kila mmoja hujifunza beti za pande zote mbili. Sababu iliyopo ni ya kivitendo kabisa: mmoja akiugua siku ya tamasha, kuna wa kushika nafasi yake, na leo akiwa mkulima, wiki ijayo atakuwa mfugaji. Sina hakika kama walimu hupanga zaidi ya hapo. Ila matokeo yake nimeyaona jukwaani, na ni jambo la sekunde moja. Mfugaji amesimama, mkono mbele, na beti imemtoroka. Macho yanazunguka. Mkulima, ambaye muda mfupi kabla alikuwa anadai magunia saba kwa hasira, anampa neno la kwanza kwa mdomo nusu wazi, uso ukiwa bado umekunjwa wa mgomvi. Anampa hoja itakayomshinda yeye mwenyewe. Watazamaji wachache tu hugundua.

Sitaki kusema kwamba kuimba pamoja kunawafanya watu kuwa wema. Asubuhi watoto hawahawa hukimbia mchakamchaka wakiimba nyimbo ambazo baadhi zilitoka jeshini na nyingine zilizaliwa wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wanaziimba kwa furaha kubwa kuliko za amani, kwa sababu zimetungwa vizuri zaidi. Mpigo unafuata mguu. Na ng'ambo ya mpaka kuna mfano wa kutisha. Simon Bikindi alikuwa mtunzi hodari wa Rwanda, mwenye kundi lake la ngoma, na nyimbo zake zilipigwa redioni zikachochea chuki dhidi ya Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha kwa ajili ya kesi za mauaji ya Rwanda ilimfunga miaka 15 mwaka 2008. Hatia aliyopatikana nayo ilikuwa ya maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwezi wa sita mwaka 1994, ingawa mahakama haikuona nyimbo zake kuwa safi. Sauti tamu na kiitikio kinachonasa vinamtumikia yeyote. Kwa hiyo ninapopima wimbo wa watoto naangalia kama umempa mpinzani nafasi ya kusema. Nyimbo za chuki hazimpi. Humo yeye hutajwa tu.

Kenya wamelifikisha jambo hili mbali kwa upande wa mashindano. Tamasha lao la muziki, lililoanza mwaka 1927, lina waamuzi wenye karatasi za alama, na nyimbo za kutungwa kwa mada maalumu, uwiano na amani zikiwemo. Kwetu kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi, inayopanda kutoka shuleni hadi taifa, sanaa zikitembea pamoja na mpira na riadha. Kuna mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, ambao tangu usiku wa Uhuru wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipouwasha juu ya Kilimanjaro umebeba kauli ya kupeleka upendo palipo na chuki. Kuna tarehe 21 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Amani. Zote ni fursa, na zote zina ugonjwa mmoja, wa kumgeuza msikilizaji kuwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi akishakuwa ndiye msikilizaji, ngonjera inaanza kumsifu yeye, inataja wizara, inaomba madawati. Madawati yanahitajika kweli. Yaombwe kwenye risala.

Kinachonisumbua zaidi ni mwisho. Desturi inataka beti ya kufunga iimbwe na wote, wapinzani wameshikana mikono, amani imekamilika. Watoto wanapenda kwa sababu wanaimba kwa nguvu zote, na walimu wanapenda kwa sababu makofi yana uhakika. Mimi naona huko ndiko kazi yote nzuri ya nyuma inakotupwa. Mkulima alidai saba. Mfugaji akatoa manne na masharti. Matatu bado yananing'inia na njia haijafyekwa. Beti ya mikono iliyoshikana inayafuta yote hayo.

Wapo walimu wanaoikata. Wanawaacha watoto waishie kwenye beti ya mfugaji, wanainama, wanatoka. Kunakuwa na kusitasita kidogo, makofi yanachelewa, mshereheshaji anahisi kuna kitu kimesahauliwa. Na kule nyuma, kwenye mabenchi ya wazee, maneno yanaanza kwa Kisukuma. Manne kwa saba si haki, asema mmoja, walau yangekuwa matano. Mwingine anauliza njia yenyewe ilikuwa ya nani kabla ya pamba. Wa tatu anasema inategemea ng'ombe walikuwa wangapi, na kwamba watoto wangetaja idadi. Mshereheshaji anaomba utulivu, kuna kwaya nyingine inasubiri, lakini wale wamekwishageukiana na hesabu inaendelea.